KIPANDE CHA SHABA NA VYOMBO VYA STOO

(Maneno haya yalisemwa na ndugu mmoja, fundi wa karakana ya reli, katika mkutano wa tawi. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku ile wasiweze kuhudhuria.)



Nimeombwa niseme habari ya stoo ya vyombo. Najua baadhi yenu mliposikia hivyo mlicheka, mkasema, "Sisi tumekuja kusikia habari ya nyongeza ya mshahara, naye huyu anataka kutuhubiria habari ya spana." Mimi si mhubiri, ingawa nilisoma shule ya msingi ya misheni na mwalimu wetu alitamani sana niwe katekista. Na habari ya mshahara nitaisema, kwa maana spana ikipotea leo, mwisho wa mwezi utaikuta imeandikwa katika karatasi yako ya mshahara, nawe hujui iliingia kwa mlango gani.

Nitaanza na jambo lililonipata mimi mwenyewe. Sitataja karakana ilikuwa ipi wala mkubwa wake alikuwa nani. Wanaojua wanajua, na wasiojua haiwadhuru.

Stoo ile ilikuwa na dirisha moja, na daftari moja lililofungwa kwa kamba ili lisichukuliwe, na mzee mmoja aliyeitunza. Sisi vijana tulimwita Baba Stoo. Alikuwa na vyombo vyote kichwani mwake. Ukimwuliza jeki ndogo iko wapi, hakufungua daftari, alitazama dari kidogo, kisha akasema, "Iko kwa fulani wa shimo la tatu, na mwambie airudishe kabla ya chai." Tulistaajabu, tukaona kwamba mzee wa namna hiyo hahitaji karatasi. Kumbe hapo ndipo tulipokosea, kwa sababu yaliyomo kichwani mwa mtu hayawezi kutolewa mezani mbele ya mkubwa.

Tena Baba Stoo alikuwa wa mchana tu. Usiku hapakuwa na mtu wa stoo. Ufunguo ulitundikwa msumarini katika chumba cha msimamizi wa zamu, na kila aliyetaka chombo alikwenda, akafungua, akachukua, akaandika daftarini kama alikumbuka. Na maandishi yenyewe! Utaona "nyundo", usijue ni ipi katika nyundo ishirini. Utaona saini kama nyayo za kuku juu ya majivu. Saa haikuandikwa, siku haikuandikwa.

Usiku mmoja nilikuwa nikikaza nati za kifuniko cha silinda katika injini ya dizeli. Ninyi mafundi mwajua kwamba kazi ile haifanywi kwa nguvu ya mkono tu, bali hutakiwa spana ya kupimia mkazo, ile wengi huiita toki renchi. Katika stoo yetu ilikuwapo moja tu ya ukubwa ule, na bei yake ilizidi mshahara wa mwezi wa kibarua. Nilikwenda stoo, nikaichukua, nikaandika "spana kubwa", nikatia saini yangu ya haraka. Saa nane usiku akaja mwenzangu wa shimo la pili akaniambia, "Ndugu, niazime hiyo, dakika tano tu." Nikampa mkono kwa mkono. Nani kati yenu asingempa?

Yule mwenzangu alipanda nayo ndani ya injini nyingine, akafanya kazi yake, kisha akaitwa ashike taa mahali pengine. Akaiweka juu ya boriti, ndani kabisa, akasema moyoni atairudia. Hakuirudia. Alfajiri injini ile ikaitwa, ikafungwa kwenye behewa, ikaenda zake.

Saa moja asubuhi Baba Stoo akaja, akafungua, akatazama mara moja tu akajua. Akatoka, akatuuliza mmoja mmoja kabla hatujabadili nguo. Aliponifikia mimi nikamjibu, "Mimi sinayo, mzee." Neno hilo lilikuwa kweli, kwa maana mikononi sikuwa nayo. Lakini lilikuwa uwongo pia, nami nilijua. Niliogopa. Nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani na kodi ya nyumba ya miezi miwili. Nilidhani kwamba mwenzangu atasema. Naye alidhani kwamba mimi niliichukua tena alipokuwa ameshika taa. Hivyo kila mmoja alimngoja mwenziwe.

Mambo yakaenda upesi. Ikatoka amri kwamba wote wanane wa zamu ile tukatwe mshahara sawasawa kwa miezi mitatu mpaka bei ya spana itimie. Baba Stoo akapewa barua ya onyo, akaondolewa stoo, akawekwa kufagia uwanja. Hilo nalo si baya kuliko maneno. Watu wakaanza kunong'ona ya kwamba mzee ameiuza sokoni kwa wauza vyuma. Waliosema hivyo ndio waliofundishwa naye kushika tupa. Kila asubuhi nilimpita pale uwanjani na ufagio wake, naye alinisalimu kama siku zote, "Hujambo kijana?" Nami nilijibu, "Sijambo mzee," nikapita.

Siku ya tisa nikashindwa. Nikamwendea mwakilishi wetu wa chama pale karakanani, nikamweleza yote. Hakunikemea. Akasema, "Twende sasa hivi, kabla hujabadili nia." Tukaingia ofisini kwa mkubwa, nikasema kwamba mimi ndimi niliyeichukua, nami nilimpa fulani, naye aliiacha ndani ya injini iliyoondoka. Mkubwa akafungua daftari. Palikuwa na neno "spana kubwa", na saini ambayo hata mimi mwenyewe sikuweza kuapa kwamba ni yangu. Akafunga daftari, akasema, "Ninyi mmepatana kumwokoa mzee. Ushahidi uko wapi?"

Ndugu zangu, hilo ndilo lililonifanya nisimame hapa leo. Nilisema kweli, wala sikusadikiwa. Sikuwa na hata kitu kimoja cha kuonyesha. Siku ile ningetoa mshahara wa mwezi mzima nipate kidude kidogo chenye nambari yangu, kilichotundikwa pale ilipokuwa spana ile, kikisema, "Ni huyu."

Baada ya majuma sita spana ilionekana. Fundi wa banda jingine, mbali sana na kwetu, alikuwa akirekebisha injini ile ile, akaiona juu ya boriti imejaa vumbi na mafuta. Akasoma nambari iliyochongwa, akaipeleka kwa mkubwa wake, ikarudishwa kwa treni. Fedha tulirudishiwa baada ya chama kuandika barua mbili, nazo zilikuja kwa mafungu. Barua ya onyo ya Baba Stoo ikafutwa, akaambiwa arudi stoo. Hakutaka. Alisema, "Mimi nimekwisha hesabiwa mwizi mbele ya vijana wangu." Akakaa na ufagio mpaka mwisho wa mwaka, akastaafu. Nilikwenda kwake na mfuko wa sukari kumwomba radhi. Akaniandalia chai, tukazungumza habari ya mvua na ng'ombe, na ya spana hakuitaja hata kidogo. Nikarudi na radhi yangu mdomoni.

Basi, sasa tuje kwenye sheria, kwa sababu ndugu wengi hudhani kwamba mkubwa akisema "mtakatwa wote" imekwisha. Sivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, imeeleza ni kitu gani tajiri aweza kukata katika mshahara. Kuhusu mali ya tajiri iliyoharibika au kupotea, sheria yasema aweza kukata kiasi cha haki ikiwa hasara ilitokana na kosa la kusudi la mfanya kazi huyo. Sikilizeni maneno hayo vizuri. Kosa la kusudi, na tena la yule aliyekosa. Haisemi watu wanane wagawane kosa la mmoja kama nyama ya sikukuu. Tena jumla ya makato yote kwa mara moja haiwezi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kifungu cha 20 chataka upewe karatasi yenye kuonyesha kila kilichokatwa na sababu yake. Na kama mtu anatakiwa kufukuzwa kwa kosa la mwenendo, kifungu cha 41 chasema lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, naye ana haki ya kuwa na mfanya kazi mwenziwe au mwakilishi wa chama wa pale kazini wakati wa kusikilizwa. Yeye ndiye amchaguaye, si tajiri.

Lakini sheria nayo haina macho ya kuona gizani. Mkikaa mbele ya mkubwa, au mbele ya ofisa wa kazi, mtaulizwa: nani alikichukua, lini, alikirudisha lini? Mwenye kujibu kwa kuonyesha ndiye husikilizwa, na sisi sharti tuwe na cha kuonyesha.

Njia yenyewe si mpya. Katika karakana za reli za Uingereza tangu karne ya kumi na tisa mafundi walitumia vipande vidogo vya shaba, vya mviringo, vimetobolewa tundu na kupigwa nambari ya mtu. Reli yetu iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu 1901, ilijengwa kwa desturi za watu wale, na kwa mikono ya mafundi na vibarua kutoka Uhindi zaidi ya 30,000, pamoja na Waafrika. Hata neno karakana tulitumialo kila siku asili yake ni Kiajemi. Basi tusione haya kuchukua desturi njema kwa sababu ilitoka mbali.

Hapa najua wazee watanikatiza. Nilipolitaja jambo hili kwanza katika kamati, mzee mmoja alisema kwa ukali, "Kipande tena?" Ana haki. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, jina la tajiri wake na mshahara wake, akakivaa shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Aliyetoroka kazi alitafutwa kwa kipande hicho. Harry Thuku alipokamatwa mwezi wa Machi 1922 na watu wakakusanyika Nairobi, kipande kilikuwa moja katika manung'uniko yao, na wengi walipigwa risasi wakafa. Babu zetu walikichukia, nasi tumerithi chuki hiyo kwa haki.

Lakini tazameni tofauti. Kipande kile kilikuwa cha tajiri juu ya mtu. Kilimfuata mtu, nacho kilisema ya tajiri tu. Kipande cha shaba hukaa mfukoni mwako, ni chako, wewe ndiwe unayekitundika na wewe ndiwe unayekiondoa. Kinafuata chombo. Nacho husema kwa ajili yako vilevile kama kisemavyo juu yako. Ndugu aliyerudisha chombo saa kumi na moja akachukua shaba yake, hakuna mtu awezaye kumwambia kesho yake, "Kiko kwako." Kama neno kipande laumiza masikio, tuite shaba tu.

Nitaeleza inavyofanya kazi, kwa maana nimeiona ikifanya kazi. Kila fundi hupewa shaba tano au sita zenye nambari yake. Ukutani mwa stoo kuna ubao mkubwa uliopakwa rangi nyeusi, na kila chombo kimechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe, yaani kivuli chake, na juu ya kivuli kuna msumari. Ukichukua spana ya nchi moja, shaba yako hutundikwa pale kwenye msumari wake. Mtu akisimama mlangoni huona mara moja: hapa pana chombo, hapa pana shaba, hapa hapana kitu. Hapa pasipo kitu ndipo pa kuuliza, na huuliza leo, si baada ya mwezi wakati wa kuhesabu mali. Mtoto asiyejua kusoma aweza kuona. Ndiyo maana naupenda ubao kuliko daftari, ingawa daftari lazima liwepo kwa vyombo vya bei kubwa na vyombo vya kupimia.

Karakana nyingine huongeza shaba ya pili. Moja hutundikwa penye chombo, na ya pili hutundikwa katika ubao wa nambari za watu, ikiwa na jina la chombo. Ya kwanza hujibu, "Chombo hiki kiko kwa nani?" Ya pili hujibu, "Mtu huyu ana vyombo gani?" Swali la pili ni la maana sana mtu anapohamishwa au anapoacha kazi. Nimewaona ndugu waliocheleweshewa haki zao za mwisho kwa sababu ya vyombo ambavyo hawajapata kuvishika.

Mambo yanayoharibu mpango huu ni machache, nami nitayasema bila kuficha kwa sababu mengi ni yetu sisi.

La kwanza ni lile lililoniponza mimi, kuazimana mkono kwa mkono. Mwenzako akitaka chombo ulicho nacho, mwende wote dirishani, wewe utoe shaba yako naye atie yake. Mtasema ni mbali, ni saa nane ya usiku, mvua inanyesha. Najua. Hata mimi nilijua, na ile mvua ya dakika tano ilininyeshea majuma sita. Kama shimo liko mbali na stoo, basi msimamizi wa shimo awe na ubao mdogo pale pale na shaba zibadilishwe hapo. Lakini zibadilishwe.

Na shaba yenyewe usimwazime mtu. Kumwazima mwenzako shaba ni kumpa saini yako aende nayo apendako. Ukiipoteza, sema siku ile ile, nambari ile isimamishwe, upewe nyingine. Asiye mwaminifu akiiokota ataitundika penye keekee ya umeme, akaipitishe getini, nawe utaamka na deni.

Jambo jingine ni stoo isiyo na mtu usiku. Hili si letu, ni la tajiri, na hapa chama lazima kiseme kwa nguvu. Huwezi kumwambia mtu "wewe ndiwe mtunza stoo", kisha ukatundika ufunguo msumarini wenzake wakiingia na kutoka. Ama pawe na mtu katika kila zamu, hata kibarua mmoja aliyefundishwa, ama vyombo vya bei kubwa vifungiwe katika kabati ambalo ufunguo wake una saini ya mtu mmoja kila zamu. Wakati wa kupokezana, anayetoka na anayeingia wahesabu pamoja, wakiwa wamesimama wote wawili mbele ya ubao, ndipo watie saini wote wawili. Na wakati huo wa kuhesabu ni wakati wa kazi. Tusikubali uibwe katika mapumziko yetu.

Kisha kuna vyombo vilivyovunjika. Stoo ikiwa mahali pa kukemewa, watu huficha. Mtu huvunja meno ya tupa, akaitupa chini ya reti kuukuu. Hutumia tindo ambalo kichwa chake kimechanua kama uyoga, akaogopa kulirudisha asije akaulizwa. Tindo la namna hiyo likipigwa hurusha kipande cha chuma, na jicho halina la akiba. Kwa hiyo tuombe pawe na sanduku jekundu pale dirishani. Chombo kibovu kitiwe humo na shaba yako urudishiwe papo hapo, bila maswali ya kesi. Chombo huzeeka kama mtu azeekavyo. Vitu vinavyokwisha kwa kutumiwa, kama matambara na karatasi za msasa, haina maana kuvitia katika shaba. Viandikwe tu, tusiwe wachoyo wa upuuzi tukapoteza vya maana.

Na vyombo vya kupimia ni jamii ya peke yake. Toki renchi si spana ya kugongea. Ikianguka yaweza kuonekana nzima lakini ikadanganya. Ukimaliza kuitumia, irudishe kwenye alama yake ya chini kabisa kabla ya kuiweka, ili springi yake isichoke. Desturi ya viwanda, kama mwenye kuitengeneza hakuagiza vingine, ni kuijaribu tena kila miezi 12 au baada ya kukaza mara 5000. Sasa niambieni, ile iliyokaa majuma sita juu ya boriti ya injini ikitikisika, ilifaa kurudishwa kazini siku ile ile? Iliporudi kwetu ilifutwa vumbi ikatundikwa. Mimi mwenyewe sikusema neno, nilifurahi mno kuiona. Tangu siku ile nimefikiri mara nyingi juu ya nati zilizokazwa nayo.

Msidhani mambo haya ni ya karakana za maskini. Tarehe 6 Desemba 2023, katika mji wa Los Angeles, ndege kubwa ya shirika la Qantas la Australia ilikaguliwa injini. Chombo cha nailoni cha kugeuzia injini, urefu wake mita 1.25, kikasahauliwa ndani. Kiligunduliwa tarehe 1 Januari 2024, baada ya ndege ile kuruka safari 34. Wachunguzi wa Australia walipoandika ripoti yao waliona kwamba chombo kilijulikana kuwa hakijarudi, lakini utaratibu wa kutafuta chombo kilichopotea haukuanzishwa kabla ya ndege kuruhusiwa kwenda. Hakufa mtu. Nasi je? Chombo kikianguka kutoka injini inayokwenda mbio, hakichagui kitakapoangukia. Kwa hiyo naona kanuni iwe moja: shaba ikiwa bado imetundikwa, injini iliyoshughulikiwa zamu ile isitoke mpaka chombo kionekane au mkubwa aandike kwa mkono wake mwenyewe kwamba anairuhusu. Akiombwa aandike, mtaona ataruhusu watu watafute.

Nimesikia pia wanaosema kwamba mpango huu utatuletea foleni dirishani, na mkubwa atasema twapoteza saa. Foleni itakuwapo majuma mawili ya kwanza, sitaki kuwadanganya. Baadaye watu huzoea, wakachukua asubuhi vyombo vyote wanavyojua watavihitaji. Na mtu aliyezunguka karakana nzima nusu saa akiuliza, "Nani ana jeki?" mbona saa zake hazihesabiwi?

Wengine wamesema kwamba tutawasaidia wakubwa kutukamata. Ndugu, anayeiba akamatwe. Mimi sikuja kumtetea. Lakini mahali pasipo na hesabu, mwizi hukaa amejificha nyuma ya wanane wasio na hatia, nao humlipia. Mwizi hawezi kupenda ubao wa vivuli.

Sasa Bwana Mwenyekiti, nitasema tunayoyaomba mkutano uyakubali. Chama kiandike barua kwa wakubwa kikitaka mambo haya: makato ya pamoja ya zamu nzima yakomeshwe kabisa, shaba na ubao vilipiwe na tajiri, si sisi, stoo iwe na mtu kila zamu, na mtunza stoo asiandikiwe barua ya onyo kwa chombo kilichotoka akiwa hayupo. Kwa upande wetu tuahidi kwa maandishi kwamba hakuna mwanachama atakayeazima chombo bila kubadili shaba, na mwakilishi wa chama awe mmoja wa wanaohesabu kila mwisho wa mwezi. Msiiogope ahadi hiyo. Barua yenye kutaka tu, bila kuahidi, huwekwa chini ya nyingine.

Ubao wa stoo ya mashariki twaweza kuuanza bila kungoja jibu. Mbao zipo, msimamizi amekubali, rangi nyeusi imepatikana, nyeupe imebaki nusu ya kopo. Jumamosi saa nane mchana wenye nafasi waje, na mwenye brashi ndogo aje nayo, kwa maana ile ya karakana ni pana mno, haiwezi kuchora kivuli cha bisibisi.